Nilivyoifukiza Udi Fulana ya Wanjano

Mnaniuliza kwa nini nikipelekwa kutembea mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, hapahapa Maskati, naanza kusema jua kali, mara viatu vinabana, mara tutafute duka jingine. Haya, leo nasema, na atakayelipeleka nje ya chumba hiki asije tena kunywa kahawa yangu. Mimi Rahma, mtu mzima mnayeniona hapa na buibui langu, niliwahi kusimama katika bustani ya nyumba moja ya mtaa ule, mbele ya umati wa Waustralia, nikaichambua mechi ya fainali ya mpira nisioujua, kwa niaba ya timu nisiyoipenda, kisha nikaunguza nguo ya mtu hadharani na nikapigiwa makofi. Na niwaambie, aibu ya kupigiwa makofi ni mbaya kuliko ya kuzomewa, kwa sababu aliyezomewa anaruhusiwa kukimbia.

Chanzo ni mume wangu Suleiman. Alikuwa injinia wa maji katika wizara moja pale Al Khuwair, na wizara ikampeleka Perth, Australia, kusoma miaka miwili (hiyo ni miaka ya tisini, watoto wadogo, mimi nikabaki na mama yake). Wenzake walirudi na shahada. Wangu alirudi na shahada na maradhi ya mpira, na si mpira huu wenu, bali ule wa kwao, umechongoka huku na huku kama papai, wanaushika kwa mikono, wanaupiga kwa miguu, wanapandiana mabegani kuudaka, na hakuna anayeitiwa polisi. Timu yake ilikuwa ya Perth, tuiite Wanjano kwa rangi ya fulana zao. Timu anayoichukia ilikuwa ya Melbourne, tuiite Wekundu. Alikuwa akiwataja hao Wekundu huku ameshika kisu cha mkate, mpaka mama yake anamwambia weka kisu, mwanangu.

Lakini mimi sikuwa na ugomvi na mpira, mimi ugomvi wangu ulikuwa na Jeni.

Jeni alikuwa mtaalamu wa visima, ametoka Perth hukohuko, na wizara ikamleta akakaa ofisi ya jirani na ya mume wangu. Mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye mafuta, jangwani, anarudi Maskati mwisho wa mwezi (nilikuwa nimekwishachunguza, msinione hivi). Basi kila Ijumaa baada ya sala na chakula, Waustralia walikusanyika kwa Jeni kutazama mechi, mwanzo kwa kanda za video zinazotumwa kutoka kwao, baadaye kwa dishi, na Suleiman yumo. Akirudi ni Jeni kasema hivi, Jeni kacheka vile, Jeni kapika mkate wa ndizi. Mkate wa ndizi! Mimi nimempikia mtu huyu biriani, nimempikia bokoboko kwa mikono inayouma, na sikuwahi kusikia amemsimulia kiumbe yeyote.

Halafu kulikuwa na habari ya mabomba. Bomba la jikoni kwangu lilikuwa linavuja tangu Ramadhani, ukimwambia anasema inshallah. Lakini siku Jeni alipotaka milingoti minne ya goli asimamishe katika bustani yake, mume wangu alikwenda mwenyewe mpaka Ghala, kule mtaa wa viwanda, joto la mchana, akasimama juu ya vichwa vya mafundi wa kuchomelea vyuma, akafunga mabomba manne marefu juu ya gari na kwenda kuyachimbia kwa mikono yake. Injinia wa maji, na jikoni kwangu kuna ndoo chini ya bomba. Nilikuwa nikiisikia ile ndoo inadondokewa, tone, tone, na kila tone linaniambia Jeni. Nisiwafiche, niliona wivu, na si ule wa mapambo. Nilikuwa naogopa kumpoteza mume wangu, na sikujua nimwambie nini.

Sasa mwaka huo Wanjano wakaingia fainali, na waliokutana nao ni nani, Wekundu. Mechi ingechezwa Melbourne Jumamosi mchana, ambayo kwetu ni asubuhi (na siku zile Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, kwa hiyo wiki nzima wanaume walikuwa wakitafuta maradhi ya kuombea ruhusa). Desturi yao ilikuwa kwamba siku moja kabla, Ijumaa alasiri, wanakutana bustanini kwa Jeni, wanachoma nyama, na kila upande unamsimamisha mtu wake aichambue mechi, aseme nani atashinda na kwa nini.

Simu ikalia nyumbani wakati wa magharibi, Suleiman yuko msikitini. Alikuwa Jeni. Kiingereza changu ni kizuri, nilikuwa karani wa benki, kwa hiyo nilimsikia vyema aliposema amefurahi kunipata, na je, Ijumaa nitakuja kuwashangilia Wanjano pamoja nasi? Hilo "pamoja nasi" ndilo lililoniponza. Nasi nani? Yeye na mume wangu? Basi nikasikia mdomo wangu unasema kwamba nitakuja bila shaka, ila kwa bahati mbaya mimi ni Wekundu.

Kisha yule mwanamke akafurahi kiasi cha kunishtua. Kumbe Maskati nzima, katika watu wao, Wekundu walikuwa na shabiki mmoja tu, Bwana Roi, mzee mtaalamu wa miamba na mawe, mwenye haya kupita kiasi, naye alikuwa ameomba asisimamishwe. Basi utasema wewe, akaniambia Jeni. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema samahani, natania. Mimi nikasema, kwa furaha kabisa.

Suleiman aliporudi nikampa habari. Akaniangalia sana, kisha akacheka kwa furaha ambayo sikuielewa, akavuta kiti akataka kunifundisha mchezo. Nikakataa, ningefundishwaje na adui? Nikaenda kwa kaka yangu Hafidh, ambaye ujanani alichezea winga ya kushoto timu ya mtaani na bado anazungumza habari za goti lake.

"Mpira ni mpira, dada yangu," akaniambia. "Wewe sema kiungo kimetulia, kipa yuko macho, mtashinda mbili moja. Hapo hakuna wa kukubishia."

Msidhani sikufanya kazi yangu vilevile. Niliweka kanda moja nikaitazama huku napiga nguo pasi, ingawa kusema kweli nilikuwa nainamisha macho, kwa sababu kaptura za wale wanaume zilikatwa kwa ubakhili mkubwa. Nilichokiona ni kwamba golini kuna milingoti minne, na katikati yake anasimama mzee mmoja mtulivu aliyevaa koti jeupe na kofia. Nikasema ahaa, kipa wao huvaa koti. Na pembeni ya kioo kulikuwa na tarakimu nyingi zinazobadilika, nikadhani ni saa ya Melbourne.

Jumatano Suleiman akarudi kazini na fulana ya Wanjano, ya zamani, ya nailoni inayong'aa, namba saba mgongoni, akaitundika kabatini katikati ya magauni yangu. Nikauliza ya nani. Akasema ya Jeni, amempa aivae siku ya kusema. Sikuuliza zaidi, na laiti ningeuliza. Usiku nilikuwa nikifungua kabati naiona imejibanza kwenye gauni langu la arusi, nami naifunga tena kabati kwa kishindo.

Kwetu, mnajua, nguo ya mume ya Ijumaa haitoki bila kufukizwa. Unatia vijikaa viwili kwenye chetezo, udi juu yake, unafunika kile kikapu cha vijiti, unatandaza kanzu juu ya kikapu mpaka imekolea. Ijumaa ile niliifukiza kanzu yake kama kawaida, na ile fulana nikaiacha inuke jasho lake. Kisha nikafungasha chetezo, kikapu, na udi wangu wa arusi, ule ambao hutolewa kwa wageni wakubwa tu, nikatia vyote ndani ya gari. Nilitaka yule mwanamke aone mwenyewe ni mkono wa nani unaofukiza nguo za Suleiman.

Jeni alitupokea mlangoni, mrefu, ana madoadoa mekundu usoni, amevaa gauni refu kwa heshima yangu, jambo lililonikera zaidi kwa sababu lilimpendeza. Akanipa mkate wa ndizi. Wallahi ulikuwa mtamu. Nikaula wote kwa hasira.

Akaanza Suleiman, amevaa fulana juu ya kanzu, nami sikuamini kama yule ni mume wangu. Nyumbani mtu huyu ana maneno matatu, chai, kesho na inshallah. Pale alisimama kati ya milingoti yake akawaeleza kwamba Melbourne kumenyesha wiki nzima, mpira utateleza, kwa hiyo Wekundu wenye miili mizito watauangusha na Wanjano wenye miguu myepesi watauokota, akawaigiza wanavyoruka, akawaigiza Wekundu wanavyoanguka, watu wanashika mbavu. Nilimwonea wivu Jeni, nikawaonea wivu wote, hata yule mbwa wa Jeni aliyekuwa amelala miguuni pake akimsikiliza. Alipomaliza akavua fulana kwa joto, akaitundika kwenye kiti.

Ikawa zamu yangu. Nikasema Wekundu tumejiandaa, kiungo chetu kimetulia, na tutashinda mbili moja.

Walicheka, nami nikadhani wanaogopa. Jeni, kwa upole, akaniuliza ni mchezaji gani ninayemtegemea. Nikajibu kwa sauti kwamba namtegemea kipa wetu, yule mzee wa koti jeupe, kwa sababu tangu mwanzo mpaka mwisho hatoki golini.

Nilikuja kuelezwa baadaye. Mchezo ule hauna kipa. Yule mzee wa koti ni mwamuzi, kazi yake ni kuangalia mpira umepita wapi na kupunga bendera. Ukipita kati ya milingoti mirefu ya katikati unapata pointi sita, ukikosea ukapita pembeni, kwenye ile mifupi, unapewa moja ya kukupooza moyo, na timu hufika mia na zaidi. Hiyo mbili moja yangu ni matokeo ya mechi iliyoanza asubuhi ikavunjika kwa tetemeko. Wakati ule sikujua. Niliona tu watu wanalia machozi, Bwana Roi amejifunika uso kwa kofia, na Jeni ameinama sikioni kwa mume wangu anamwambia kitu, naye mume wangu anacheka.

Hapo ndipo ningekaa kitini nikanywa soda yangu. Lakini nilikuwa nimeaibika na nina wivu, na vitu hivyo viwili vikikutana kwa mwanamke mmoja mwache apite. Nikaleta chetezo changu. Makaa sikuwa nayo, nikachota kwenye jiko lao la kuchomea nyama, na makaa ya nyama si makaa ya udi, ni mapande makubwa mekundu. Nikatia udi. Moshi ulipopanda, bustani yote ikatulia. Wanawake wakasogea, nikawafukiza nywele mmoja mmoja, wanaume wakainua kola, mimi nikawa bibi wa shughuli, na kwa mara ya kwanza siku ile nikajisikia mtu.

Kisha nikaiona fulana kwenye kiti. Nikajiambia, nguo hii imetoka kwa mwanamke mwingine, leo itarudi na harufu yangu. Nikaitandaza juu ya kikapu, vizuri, namba saba chini.

Mkono wangu unaijua kazi hiyo, macho ndiyo yaliyopotea. Jeni alikuwa anamkung'uta mume wangu makombo ya mkate begani. Mara moja, mara mbili. Makombo gani hayo yasiyoisha? Nikakaza macho pale, nikasahau kama nina kitu juu ya moto, mpaka pua ikaniambia kwamba udi haunuki hivi, udi haunuki ndoo ya plastiki. Kuinua fulana, ikakataa kuinuka, imegandana na vijiti. Kuvuta, ikaja na tundu la upana wa sahani, kingo zinadondoka, na namba saba haipo tena duniani.

Kisha Bwana Roi, yule mwenye haya, akasimama akaanza kupiga makofi. Shabiki wa Wekundu ameichoma fulana ya Wanjano siku moja kabla ya fainali! Walidhani ndiyo desturi yetu, kwamba ule ndio uchambuzi wenyewe na ile mbili moja ilikuwa mzaha wa kuwalainisha. Wakasimama wote, wakapiga meza, wakataka niiname kama wanavyoinama waigizaji. Nami nikainama, fulana mkononi inatoa moshi. Ningefanya nini?

Watu wawili tu hawakupiga makofi. Mmoja alikuwa Suleiman. Mwingine alikuwa Jeni, ambaye alikuja akaichukua fulana mikononi mwangu, akaikunja tundu likaingia ndani, akaenda nayo chumbani.

Ndani ya gari, tulipoingia barabara kuu, Suleiman akaniuliza.

"Ulifanya kusudi?"

"Sikufanya kusudi."

"Ile ni ya babake. Alikuwa akiwachua misuli wachezaji, akaivaa kila fainali mpaka uzee. Alimpa Jeni aje nayo huku." Akapunguza mwendo. "Afadhali ungefanya kusudi, Rahma. Ningejua angalau ulikuja kwa ajili ya mpira."

Naye akaendelea, taratibu, macho barabarani. "Mwaka mzima nakwambia twende, na kila Ijumaa kichwa chakuuma. Mie nshachoka kukutolea udhuru kwa watu."

Na ni kweli, alikuwa akiniambia. Hilo nililiruka, sikuwaambia, mtanisamehe. Kila Ijumaa alisimama mlangoni akanambia twende, nami nikasema kichwa, kisha nikakaa nyumbani kuionea wivu nyumba niliyokaribishwa.

Asubuhi ya Jumamosi nikawapigia simu benki kwamba naumwa kichwa (na safari hiyo kiliuma kweli), nikanunua sinia ya halua, nikaenda peke yangu kuomba radhi. Suleiman alikuwa amepita wizarani kwanza kuonekana sura. Jeni alinifungulia, nywele hazijachanwa, televisheni inawaka, wageni wengine hawajafika. Nikasema yote niliyoyapanga, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu, kisha nikaishiwa. Akaniambia amempigia babake simu, na mzee amecheka, amesema fulana ile haikuwahi kunukia vizuri tangu ainunue. Kisha akasema kwamba yeye hata hivyo alikuwa anaipenda sana, na macho yakamjaa. Nikamshika mkono. Tukakaa hivyo, mpira umeanza na hakuna anayeutazama.

Baadaye akaniuliza kama kweli mimi ni Wekundu. Nikasema hapana.

"Sasa ulikuwa unamshabikia nani?"

"Mume wangu," nikamwambia. "Nilikuwa nachunga asihame timu."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Suleiman?" akasema, anafuta machozi. "Rahma, mumeo ni mtu mwema, lakini ananichosha. Mimi nimezaliwa ndani ya mpira huu, na kila Ijumaa ananieleza sheria zake. Nilikuwa nataka uje ili tupokezane kumsikiliza."

Hapo mwenye busara angesema alhamdulillahi, akafungua halua yake akala. Mimi moyo ulitulia kwa kadiri ya pumzi moja, kisha ukachafuka upya. Anamchosha? Suleiman wangu? Ana nini huyu mwanamke hata mume wangu asimtamanishe? Nikasimama na sinia yangu mbele ya televisheni, nikaanza kumweleza. Kwamba Suleiman ni injinia ambaye vijiji vizima vinakunywa maji kwa mkono wake. Kwamba mama yangu alipougua yeye ndiye aliyembeba kutoka gari mpaka kitandani, na hakukubali asaidiwe. Kwamba kanzu haikai kwa mwanamume yeyote Maskati kama inavyokaa kwake. Kwamba miaka ile miwili aliyokuwa Perth nilikuwa nikilala upande wake wa kitanda. Nilipandisha sauti, nikamwambia mtu kama yule akizungumza mwenye bahati hukaa akasikiliza, na nilikuwa bado naendelea nilipoona Jeni hanitazami mimi, anatazama mlangoni.

Suleiman alikuwa amesimama pale na Bwana Roi na wenzao, viatu mkononi, sijui tangu lini. Hakuna aliyecheka. Bwana Roi akapiga kikohozi, akauliza ni ngapi ngapi.

Wekundu walishinda siku ile, kwa pointi sizikumbuki, ila mbili moja haikuwa. Mume wangu alipoteza fainali na hakugusa kisu.

Basi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu, sitofukiza tena nguo nje ya nyumba yangu, na sitoichambua tena mechi ya mtu. Na sifa za Suleiman nimeapa sitompa tena mwanamke mwingine. Nampa yeye mwenyewe, usoni, akinywa chai, hata kama naona haya, kwa sababu asubuhi ile pale mlangoni nilimtazama uso wake, nikajua ndiyo kwanza anazisikia.